Ndege kongwe: zirushwe, au zipumzishwe?

Ndugu msomaji, wapo wanaopenda mpira, wapo wanaopenda taarabu, na wapo wachache, mimi nikiwa mmoja wao, ambao ndege ikipita husimama katikati ya njia wakaitazama mpaka itokomee. Ugonjwa huu niliambukizwa na mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa ndege Embakasi, Nairobi, katika shirika la East African Airways. Shirika lile lilipokufa mwaka 1977 alirudi Dar es Salaam na sanduku la spana na begi moja la safari lenye jina la shirika. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuligusa begi lile.

Juma lililopita nilipogusia redioni habari za kuhifadhi ndege za kale, msikilizaji mmoja wa Temeke alinipigia simu. Kwa upole kabisa aliniuliza inakuwaje mtaani kwake maji hayajatoka siku ya nne, nami niko hewani nasimulia ndege mbovu za Wazungu. Zinatuhusu nini? Swali lake ni la haki, na mazungumzo ya leo ni jibu langu.

Nianze na hilo la ndege za Wazungu. Katika miaka ya 1960, kiwanda kilichokuwa Brooklands, Weybridge, karibu na London, kilitengeneza ndege ya abiria iliyoitwa VC10. Zilijengwa 54 tu. Walioibuni walikuwa na viwanja kama vya kwetu akilini. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu namna hiyo hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Bawa hukosa hewa ya kutosha ya kuegemea, na injini nayo hukosa hewa ya kutosha ya kuvuta. Ndege nyingi za siku zile zililazimika kupunguza mzigo au mafuta ili ziweze kupaa kabla njia haijakwisha. Wahandisi wa VC10 walizipeleka injini zote nne mkiani, mabawa yakaachwa matupu yafanye kazi moja tu, ya kuinua. Ikapaa Nairobi bila taabu. Tena abiria walifurahia utulivu wa ndani, kwa kuwa kelele zote zilibaki nyuma yao. Waliobaki chini ndio walioziba masikio.

East African Airways ilianza mwaka 1946 na ndege ndogo za mabawa ya ghorofa aina ya Dragon Rapide. Mwaka 1960 ikapata ndege za jeti aina ya Comet 4, na kati ya mwaka 1966 na 1970 ikapokea Super VC10 tano. Usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu: 5X kwa Uganda, 5Y kwa Kenya na 5H kwa Tanzania. Moja, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, ilipojaribu kusimama baada ya tairi la mbele kupasuka ikiwa mbioni kuruka. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Zikabaki nne. Ya mwisho kuletwa ilikuwa 5H-MOG, na hiyo ndiyo VC10 ya mwisho kujengwa duniani. 5H, msomaji. Yetu.

Jumuiya ilipovunjika, ndege zile nne zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza. Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua, likang'oa viti, na pale walipokuwa wakisinzia abiria wa Nairobi na Dar es Salaam likaweka matangi ya mafuta. Zikawa ndege za kuzinywesha ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG ikaitwa ZA150. Zilifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 30. Tarehe 24 Septemba 2013, ZA150 ilitua uwanja wa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikakabidhiwa jumba la makumbusho la Brooklands. Kesho yake mwenzake ZA147, ambaye zamani alikuwa 5H-MMT, aliruka kwenda Bruntingthorpe, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Kwa hiyo VC10 iliyofunga kitabu iliwahi kubeba namba ya Tanzania mkiani. Sijui kama siku ile kulikuwa na gazeti lolote la kwetu lililokumbuka. Redio yangu mimi haikukumbuka.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Wapenzi wa ndege za kale duniani wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema ndege ni ya kuruka. Ukiisimamisha ndani ya jumba na kuizungushia kamba, umehifadhi mzoga. Ngurumo, moshi, harufu ya mafuta na jinsi ardhi inavyotetemeka chini ya miguu ndiyo ndege yenyewe. Tena wanasema, na hapo wana hoja, kwamba ndege inayoruka haiwezi kusahauliwa vumbini, kwa sababu ni lazima ikaguliwe kila mara, na ufundi wake hurithishwa kutoka mkono hadi mkono. Watu hulipa viingilio kwenye maonyesho ya ndege, na fedha hizo hununua vipuri.

Mfano wanaoupenda ni Vulcan XH558, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, yenye bawa la pembetatu kama kishada. Baada ya kukaa chini miaka mingi ilitengenezwa kwa michango ya wananchi na fedha za bahati nasibu ya taifa, ikaruka tena tarehe 18 Oktoba 2007. Kwa miaka minane watu walijazana viwanjani na vilimani kuiona. Wazee walilia hadharani. Mimi niliiona katika picha za televisheni tu, na nywele zilinisimama.

Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 iliruka mara ya mwisho. Haikuanguka wala injini hazikufa. Ndege ngumu kama ile hairuhusiwi kuruka kwa sababu rubani wake ni hodari tu. Lazima yawepo makampuni yenye michoro na ujuzi wa awali, yanayothibitisha kwa maandishi kwamba bado ni salama. Wataalamu walioijua walikuwa wamezeeka na kustaafu, na makampuni yakaamua kwamba hayawezi kuendelea kuidhamini. Zingatia hapo, msomaji. Chuma bado kilikuwapo. Kilichokwisha ni watu wanaokijua.

Kundi la pili linasema: pumzisheni wazee. Nalo lina makaburi ya kuonyesha. Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya ndege ya Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya kivita ya miaka ya 1950 aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko angani, ikaanguka barabarani. Watu 11 walikufa, wote wakiwa nje ya uwanja, baadhi yao wakipita tu kwa shughuli zao. Tarehe 2 Oktoba 2019, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ndege ya Vita Kuu ya Pili aina ya B-17 ilianguka ikiwa na abiria waliolipa ili waonje historia. Watu 7 walikufa. Tarehe 12 Novemba 2022, mjini Dallas, B-17 nyingine iligongana angani na ndege ndogo ya kivita mbele ya watazamaji. Watu 6 walikufa. B-17 zilijengwa zaidi ya 12,000. Leo zinazoweza kuruka zinahesabika kwa vidole vya mikono.

Ndege huzeeka kwa namna ambayo macho hayaoni. Kila inapopaa, hewa hushindiliwa ndani ili abiria wapumue, na kiwiliwili chake hutanuka kidogo kama puto, ikishuka, husinyaa. Chuma kikitanuka na kusinyaa mara maelfu, huchoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Dunia ilijifunza somo hilo kwa msiba mwaka 1954, Comet mbili za mwanzo zilipovunjika angani na kuangukia bahari ya Mediterania. Wachunguzi walilitumbukiza bodi zima la Comet katika tangi la maji huko Farnborough, wakalijaza na kulipunguza shinikizo mara kwa mara mpaka likapasuka mbele yao. Comet 4 zilizokuja kwetu mwaka 1960 zilikuwa zimejengwa upya kutokana na somo hilo.

Kusimama nako si salama hivyo. Ndege ikiachwa nje, maji ya mvua hupenya kwenye maungio ya mabati na kuyala kwa ndani. Ndege wa manyoya hujenga viota kwenye injini, mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka, na jua huvifanya vioo kuwa na ukungu. Baada ya miaka kumi ya mvua na jua bila mtunzaji, utabaki na kitu cha kuuzwa kwa kilo. Kwa hiyo wanaosema ipumzishwe wajiulize kwanza kama wana paa.

Maoni yangu ni haya, na msomaji ana uhuru wa kuyakataa. Kama ndege za aina hiyo bado ni nyingi na ni nyepesi, kama zile ndogo za mabawa ya ghorofa zilizofundishia marubani, zirushwe, mbali na barabara na mbali na nyumba za watu. Kama zimebaki chache, zisirushwe kwa michezo ya kupinduka. Na kama imebaki moja, au ndiyo ya mwisho kujengwa, isiruke tena. Hakuna furaha ya dakika kumi inayolingana na kuipoteza milele, sembuse roho za watu.

Lakini kuna njia ya katikati, na wenye kuionyesha ni walezi wa ile 5H-MOG yetu. Baada ya kuipokea Dunsfold, watu wa kujitolea waliendelea kuwasha injini zake nne na kuitembeza ardhini kwa nguvu zake yenyewe. Ilinguruma, ardhi ikatetemeka, watu wakaziba masikio kama zamani Embakasi, lakini magurudumu hayakuiacha ardhi. Kwangu mimi huo ndio uhifadhi. Mzee hapigwi marufuku kusema kwa sababu hawezi tena kukimbia.

Mwaka 2014 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Jumapili moja niliacha maduka ya London, nikapanda treni kwenda Weybridge kuliona jumba la Brooklands. Dunsfold palikuwa pamefungwa siku hiyo, kwa hiyo 5H-MOG sikuiona, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Lakini niliingia ndani ya VC10 nyingine, ile ya Sultan Qaboos wa Oman, aliyoitoa zawadi kwa jumba lile mwaka 1987. Nikapita kwenye vyumba vyake vya kifalme, nikaziona sofa na mapazia, nikawakumbuka jamaa zetu wa Unguja wenye ndugu Muscat.

Karibu na hapo nilionyeshwa Wellington, ndege ya mabomu iliyotumbukia katika ziwa la Loch Ness, Uskoti, mkesha wa mwaka mpya wa 1941. Ilikaa majini hadi mwaka 1985 ilipotolewa. Mwili wake ni vipande vya alumini vilivyosukwa kama tenga. Zilijengwa zaidi ya 11,000, zimebaki mbili. Waliotengeneza ile hawakuifanya ing'ae kama mpya; sehemu nyingine wameziacha wazi ili uone lile tenga na majeraha yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na pale wamekuachia uone vilivyoundwa.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni wazee. Ndani ya jumba lile mlikuwa na wazee wa miaka 70 na zaidi, hawalipwi, wamevaa beji tu. Mmoja aliniambia kwamba ujanani alifanya kazi katika kiwanda kilekile. Nilipomwambia natoka Tanzania, akaanza kunieleza habari za ndege za East African Airways kana kwamba zilitoka kiwandani jana. Alizijua namba zake kwa kichwa. Nikasimama pale nikimwangalia, nikimwona mjomba. Umri uleule, mikono ileile mikubwa ya fundi, na tabia ileile ya kugonga bati kwa kidole anapotaka kusisitiza neno.

Ila mjomba alikuwa amefariki mwaka 2011. Na mimi mpwa wake, mwenye stashahada ya uandishi wa habari, nilikuwa nimetembea na kinasa sauti begani kwa miaka minane kabla ya hapo. Nimewahoji mawaziri, nimewahoji wachezaji, nimemhoji hata mtu aliyefuga chatu. Sikuwahi kukiwasha mbele ya mjomba. Kila Iddi alisimulia jinsi walivyobadilisha tairi la VC10 usiku kwa mwanga wa taa za gari, nasi tukicheka na kuomba pilau iongezwe. Leo sikumbuki hata jina la msimamizi wao wa zamu. Begi lipo. Sauti haipo.

Hapo ndipo ninapomjibu ndugu yangu wa Temeke. Simuombi Waziri anunue ndege kutoka Uingereza. Kuileta, kuifunika na kuitunza ni gharama kubwa, na ni kweli kwamba maji ya bomba yatangulie. Walezi wake wa huko wameifanyia wema kuliko tulivyoweza kuifanyia sisi, na ni vema tuwashukuru. Hata rangi ya kijeshi waliyoikuta nayo sitaki waifute ili irudishwe katika rangi za East African Airways. Ndege ile imeishi maisha mawili, na mtoto anayeitazama anastahili kuambiwa yote mawili. Ninachoomba kwao ni kibao kimoja kizuri kinachosema Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam.

Ninachoomba kwetu ni cha bei rahisi zaidi. Kuhifadhi si jambo geni kwetu. Ukienda Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam utayakuta magari waliyopanda viongozi wetu, na watoto wa shule husukumana kuyaona. Nairobi kuna jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971, na treni zake za mvuke zimesimama pale na hadithi zake. Ndege nazo zingestahili angalau chumba kimoja: sare ya mhudumu, ratiba ya safari, daftari la rubani, spana ya fundi, picha ya harusi iliyopigwa mbele ya ngazi ya ndege. Vitu hivi havihitaji uwanja wala karakana. Vimelala kwenye masanduku chini ya vitanda, Kariakoo, Kisumu, Entebbe, na mchwa wanavijua kuliko sisi.

Na zaidi ya vitu, kuna watu. Fundi aliyekuwa na miaka 25 shirika lilipokufa mwaka 1977 sasa amevuka 70. Ile Vulcan haikuzuiwa na kutu, ilizuiwa na kupungua kwa watu waliokuwa wakiijua. Sisi tumekwisha poteza chuma, kiko ng'ambo; tukipoteza na watu, tutakuwa tumebaki na nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kama baba yako, shangazi yako au jirani yako alifanya kazi katika shirika lile, awe rubani, mhudumu, fundi au mfagiaji wa Embakasi, usisubiri mtangazaji. Chukua simu yako ya mkononi, ina kinasa sauti ndani. Keti naye baada ya chakula cha jioni. Muulize alianzaje kazi, msimamizi wake alikuwa nani, na siku ya mwisho walipoambiwa warudi makwao ilikuwaje. Kisha mwache azungumze, hata kama umekwisha kuisikia hadithi hiyo mara ishirini.